Nilivyombatiza Limbu kwa Neno Bovu

Sehemu ya tisa

Kabla sijaendelea, niombe radhi. Wiki iliyopita niliwadanganya.

Nilimalizia pale msituni Goweko, Limbu kalala chini, uso mzima umevimba kwa nyuki, mimi nimepiga goti na chupa ya maji. Nikaandika kwamba wakati wa kumbatiza "ulimi uliniteleza". Msomaji mmoja wa Urambo akanitumia ujumbe: "Pole Mwalimu, ulimi hauna mfupa." Mama mmoja wa Nzega akaahidi kunisalia novena nzima.

Mama, acha novena. Ulimi haukuteleza. Nilijua ninachosema.

Kwa wewe unayekutana nami leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Aleksi Nzeyimana, katekista wa kigango kimoja cha Goweko, mwenye suti moja na kiherehere kisicho na idadi. Marehemu mama yangu, Rosalia, alikimbilia Ulyankulu mwaka sabini na mbili akitokea Burundi, ana rozari na sufuria. Baadaye tukahamia Goweko kulima tumbaku. Jirani yetu Limbu alikuwa mfuga nyuki, mzee wa miaka sitini, hana dini. Mwaka juzi nyuki wake wakahama mizinga yote. Limbu akasimama mbele ya watu akasema: "Ni yule bibi Mrundi. Kila alfajiri ananong'ona na zile shanga zake. Anawaita nyuki wangu."

Mama alikuwa anasali rozari.

Mnajua huku kwetu neno hilo la uchawi likimwangukia bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni linaishia wapi. Wiki ile ile tukamwondoa, tukampeleka Itetemia kwa mdogo wangu Stela, ambaye ni nesi mjini Tabora. Hakumaliza miezi minne.

Na leo niseme na hili, maana nimechoka kuhurumiwa na wasomaji.

Mama alipozidiwa, Padri Deus alikuja na mafuta matakatifu. Mimi nikamwahi mlangoni. "Padri," nikamnong'oneza, "kuna jambo halijakaa sawa. Bado hajamsamehe Limbu. Niachie mimi leo nimlainishe, wewe uje kesho asubuhi ukute kazi imekwisha."

Padri akasita. "Una hakika atafika kesho?"

"Huyu? Hujamsikia anavyogomba?"

Akaondoka. Nikaingia ndani nikamhubiria mama yangu mzazi, kola nimeifunga hadi juu.

"Mama, usipowasamehe watu, nawe hutasamehewa. Imeandikwa."

"Wote nimewasamehe," akasema. "Hata baba yako."

"Na Limbu?"

"Oya."

Kwa Kirundi hiyo ni hapana. Mama alipokataa kwa Kiswahili ungeweza kumbembeleza. Akikataa kwa Kirundi, nenda kalale.

"Mama, mbingu unaiacha kwa ajili ya Limbu?"

"Mwambie Yesu anisubiri kidogo. Nina hasira, na siwezi kumdanganya."

Saa kumi na moja jioni akafariki. Padri alipokuja asubuhi akakuta watu wameshakaa kwenye mikeka.

Basi kwa yale niliyokuwa nikiwafundisha watoto wa kipaimara kila Jumamosi, Mama yuko nje. Uongo wa Limbu ulimtoa kwake, mdomo wa mwanae ukamalizia. Hilo ndilo nimekuwa nikilala nalo na kuamka nalo.

Sasa turudi msituni.

Nilikuwa napita na baiskeli, nikasikia mtu anaugua. Nyuki wa mizinga yake mipya walikuwa wamemmaliza. Nilimtambua kwa viatu, maana uso haukuwepo.

"Mwalimu," akasema. "Nakufa. Nibatize. Nimetenda mabaya, nayajutia yote."

Mimi ni katekista, naijua sheria. Mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kumbatiza. Na mtu mzima akibatizwa huku anatubu, dhambi zote zinafutwa, za jana na za tangu ujana. Hata toharani hapiti. Anaingia moja kwa moja.

Limbu ndani, Mama nje, na bawabu wa kumfungulia ni mimi! Weee! Damu ilinipanda mpaka masikioni.

Ndipo nikakumbuka semina.

Kwenye semina ya makatekista, Padri Deus alitukazia jambo moja. "Semeni Nakubatiza. Ukisema Tunakubatiza, hujabatiza mtu, umemlowesha tu. Roma wameshasema."

Ukumbi mzima ukaguna. Maana sisi huku "tu" ndiyo adabu yetu. Mtu anafika kwako peke yake na baiskeli yake, anapiga hodi: "Tumekuja kuwasalimu." Ukichungulia nyuma yake hakuna hata kuku. Kusema mimi, mimi, ni kujikweza.

Mzee Zablon, mkubwa wetu wote, akasimama. "Padri, mimi siku zote nasema Tunakubatiza, kwa unyenyekevu. Wako watoto wachanga watatu waliofia mikononi mwangu. Wako wapi hao?"

Padri akavua miwani. "Mungu ameufunga wokovu na ubatizo, mzee wangu, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Hao wako kwake."

Zablon akakaa, akalia mbele yetu bila kujificha.

"Na anayekosea makusudi, je?" akauliza mmoja wa nyuma.

"Makusudi? Nani huyo mwendawazimu?" akasema Padri. Tukacheka. Mimi nilicheka kuwapita wote, hadi nikapaliwa na soda.

Basi pale msituni, mwendawazimu mwenyewe nikafungua chupa, nikammiminia Limbu maji kichwani, nikasema kwa sauti yangu ya Jumapili: "Dismas, tunakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Dismas ni yule mwizi wa msalabani, aliyeingia paradiso siku yake ya mwisho kabisa. Mnaona? Hata kejeli yangu niliitafutia jina la mtakatifu.

"Asante, Mwalimu," Limbu akasema kwa midomo iliyovimba, akafumba macho.

Nikajua kafa. Nikakaa kando yake nikingoja nijisikie vizuri. Sikujisikia vizuri. Nilisikia njaa, nikapanda baiskeli nikaondoka.

Hakufa. Hapo ndipo nilipojua Mungu naye ni mtani. Vijana wa kijijini wakamkuta pale, wakampeleka zahanati, akachomwa sindano, na Jumapili ya pili yake mlango wa kanisa ukafunguka, Limbu huyo! Kafunga tai.

Ibada nilikuwa naongoza mimi, maana Padri kwetu hufika mara moja kwa mwezi. Nilikuwa nimeanza kusoma matangazo.

"Mwangaluka," Limbu akasalimia kanisa zima kwa Kinyamwezi. "Mwalimu, nina neno. Naruhusiwa?"

Ningemkatalia vipi mbele ya watu?

Akasimama mbele, mkongojo mkononi. "Mama Rosalia hakuwa mchawi," akasema. "Nililijua hilo siku ile ile niliyomsingizia. Mizinga yangu niliivuna mwenyewe mpaka sega la mwisho, sikuwaachia nyuki hata cha kulamba. Walikimbia njaa. Niliona aibu kuwaambia, mfuga nyuki mzima, nikamtupia bibi wa watu."

Wapo mle ndani waliokuja kwetu siku zile na mapanga, na walikuwa wanatazama sakafu.

Limbu akageuka, akapiga magoti mbele yangu. Mzee kunizidi! Nami nimeshika kitabu cha nyimbo kichwa chini, miguu juu.

"Mwalimu Aleksi, mama yako siwezi tena kumwomba. Nakuomba wewe. Unisamehe."

Macho yote kwangu. Mimi ninayehubiri msamaha kila Kwaresima kwa mifano na vitendo.

"Tumekusamehe," nikasema.

Tu. Tena! Vigelegele vikapigwa, wanawake wakalia, kwaya ikaanzisha wimbo bila kuambiwa. Hakuna aliyegundua kwamba aliyesamehe hapo hakuwepo.

Baada ya ibada akanisindikiza hadi kwenye baiskeli. "Tangu uliponibatiza, Mwalimu, moyo wangu mwepesi. Nalala usingizi wa mtoto."

Ilikuwa nafasi yangu. Ningesema: Mzee Limbu, rudi ndani, kuna kitu kidogo tukirekebishe. Dakika mbili, maji kikombe kimoja. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nilimlowesha? Kwamba katekista aliyevaa suti hii alitaka afe vibaya?

"Tumshukuru Mungu," nikasema, nikapanda baiskeli.

Siku tisa zilipita. Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi, Stela akanipigia kutoka hospitalini.

"Kaka, huyu mtu wako Limbu kaletwa wodini kwangu. Sumu ya nyuki imeharibu figo, na alichelewa kurudi. Daktari kasema tuwaite ndugu."

"Wameitwa?"

"Anakutaja wewe."

Limbu akifa hivi hivi, amekufa akiamini amebatizwa, kumbe nimemchezea. Padri Deus alikuwa kwenye mafungo Dodoma, simu kaizima. Mapadri wengine mjini Tabora wamejaa, ningeweza kumwita yeyote. Lakini ningetakiwa kueleza. Nikaona heri niende mwenyewe, nimalize kimya kimya, nirudi nyumbani na jina langu zuri. Hebu nioneni! Roho ya mtu iko mlangoni, mimi nalinda suti.

Nikamchukua Nassibu na pikipiki yake. Nassibu ni Mmanyema wa mjini, Mwislamu, tumezoeana kwa maneno ya ovyo. Hatujafika mbali nikawa nimeshamwambia yote, mgongoni kwake, upepo unanijaa mdomoni.

"Ngoja," akasema. "Yaani ulimnyima mtu pepo kwa herufi mbili?"

"Mbili."

"Astaghfirullah! Mwalimu una roho ya korosho."

"Nassibu, mtu atende uovu miaka sitini, mwishoni aseme neno moja, aingie. Na mama yangu aliyesali kila siku ya maisha yake abaki nje kwa sababu ya kuumizwa na mtu huyo huyo. Hiyo ni haki?"

"Si haki."

"Eeh!"

"Lakini ingekuwa kwa haki, wewe sasa hivi ungekuwa unakwenda wapi na pikipiki yangu?"

Akaongeza mafuta, akaendelea kwa sauti ya juu ili nisikie vizuri. "Babu yake babu yangu aliletwa kwa njia hii hii, ana pembe ya tembo begani na mnyororo shingoni. Aliyemfunga alikufa kitandani kwake mjini, shahada mdomoni, watu wakamwombea dua. Sisi wajukuu tumeuliza swali lako hilo zamani sana, Mwalimu. Tulipochoka tukaanza kusali na wajukuu wake msikiti mmoja."

"Mkamsamehe?"

"Sijui. Tulizoea."

Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini pale barabara inapokatiza reli pikipiki ikapiga kelele, ikasimama. Cheni imekatika. Nassibu akashuka, akaiokota vumbini, akaitazama, akasema neno ambalo gazeti hili halitalichapa.

Simu ikaita. Stela.

"Uko wapi? Anakwenda huyu. Hafiki nusu saa."

"Tumeharibikiwa njiani."

"Basi sali huko huko uliko. Si umeshambatiza? Una haraka ya nini?"

Ningeweza kunyamaza hata hapo. Nawaambia ukweli, niliwaza kunyamaza.

"Stela, sikumbatiza."

"Umesema?"

"Nilisema Tunakubatiza. Si sahihi ile. Haihesabiki."

"Ulikosea?"

"Makusudi."

Nikaweka simu mbali kidogo na sikio nikingoja matusi. Hayakuja.

"Kwa hiyo hayumo," akasema taratibu.

"Hayumo. Lakini wewe unaweza, Stela. Yeyote anaweza. Chukua maji, mmiminie kichwani, useme maneno."

"Mimi?"

"Hakuna mwingine."

"Mimi niliyemfulia Mama mashuka miezi minne?"

"Stela, nakuomba."

"Nijibu kwanza, wewe katekista. Mama yuko wapi?"

Nikaanza, "Mungu hafungwi na sakra..."

"Sikuulizi semina! Nakuuliza Mama yuko wapi. Maana siku ile Padri alifika mpaka mlangoni, Aleksi. Nilikuwa jikoni. Nilikusikia."

Nikakaa chini pembeni mwa reli, suti na vumbi. Mwaka mzima Stela ananipikia, ananipigia simu, ananinunulia dawa za mafua, kumbe alisikia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje? Sijakusamehe, kaka. Kila nikikuona nasema leo nitamsamehe, nashindwa, nakuwekea chakula."

Nikalia. Nililia kwa sauti, mwanaume wa miaka arobaini na sita. Nassibu akajitia anatafuta kitu kwenye boneti ambayo pikipiki haina.

"Sijui Mama yuko wapi," nikasema. "Sijui, Stela. Niliwafundisha watoto kama najua."

Ndipo nikasikia sauti nyingine, kavu, ya mbali.

"Mwalimu."

"Stela! Simu umeiweka sauti kubwa?"

"Mikono yangu ina glavu. Ningeishikaje?"

Limbu alikuwa amesikia kila neno.

"Mwalimu," akasema tena. Alikuwa anatafuta pumzi kila baada ya maneno mawili. "Siku ile kanisani. Nilipopiga magoti. Nilikuwa bado mpagani?"

"Ndiyo, mzee wangu. Nisamehe. Nimekukosea vibaya sana."

Nikadhani tumempoteza. Kisha nikasikia anacheka, au anakohoa, sikuweza kutofautisha.

"Basi toba ile ilikuwa yangu," akasema. "Mimi nilidhani ni ya maji yako."

"Nibatizeni kama mnaweza," akaendelea. "Kama hamwezi, nikimkuta mama yenu huko nje, nitakaa naye. Atanifukuza. Nitakaa."

Nikamsikia Stela anavuta pumzi puani. Halafu nikasikia viatu vyake vinakwenda, bomba linafunguliwa, maji yanaingia kwenye kikombe, viatu vinarudi.

"Neno linaanzaje?" akauliza. Sauti yake haikuwa na hasira wala upole.

"Na. Nakubatiza. Na, Stela, siyo Tu. Na uyaseme huku unamimina."

"Nimesikia."

"Na jina ni Dismas."

"Nimesikia, kaka. Nyamaza sasa."

Nikabana simu sikioni kwa mikono miwili. Nikamsikia anasema, "Mzee Limbu, inua kichwa kidogo." Nikamsikia anasema, "Dismas."

Treni ya mizigo ikapiga honi.

Ilikuwa imetokea kwenye kona na mimi nimekaa hatua tano kutoka relini. Nassibu akanivuta kola tukaangukia mtaroni wote wawili. Behewa la kwanza, la pili, la kumi, mafuta, saruji, kontena. "Stela! Stela!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma, na sikusikia hata sauti yangu mwenyewe.

Behewa la mwisho likapita. Simu ilikuwa bado hewani.

"Stela! Umeshasema?"

"Nimeshasema."

"Na Limbu?"

"Kafumba macho. Anatabasamu. Namfunika."

"Stela, umesemaje? Neno la kwanza, umesemaje?"

Nikasikia anavua glavu, moja, kisha nyingine.

"Nimesema kama ulivyosema wewe, kaka."

Akakata simu.